Kadi za ukutani, Excel au FET: ratiba ya shule uitengeneze na nini?

Mwezi wa nane ukifika, maprefe wa Lubumbashi, yaani wakuu wa shule za sekondari, wanaulizana swali lile lile: orere, ratiba ya mwaka huu, unaitengeneza na nini? Wengine bado wana ubao wao wa kadi na hawataki kusikia kitu kingine. Wengine wanajivunia Excel. Na kila mwaka anatokea kijana mmoja, mara nyingi mwalimu wa informatiki, anayedai kuna programu, FET, inayopanga yote yenyewe wakati wewe unakunywa chai. Nimepanga kwa njia zote tatu, miaka tofauti, katika shule ile ile ya Katuba, kwa hiyo najua kila moja inauma wapi.

Shule za msingi tuziache pembeni. Mwalimu mmoja, darasa moja, kutwa nzima: daftari na rula vinatosha. Kichwa kinauma sekondari, ambako wanafunzi wanakaa na walimu ndio wanaohama kutoka mlango hadi mlango. Shule yetu ina madarasa 10: la saba, la nane, kisha seksio mbili za humanite, yaani sekondari ya juu, kuanzia mwaka wa kwanza hadi wa nne. Tunasoma Jumatatu hadi Jumamosi, vipindi sita kwa siku, cha kwanza kikianza saa 1:30 asubuhi. Hivyo ni vipindi 36 kwa darasa, 360 kwa shule nzima, na walimu 24 wa kuvijaza.

Kati ya hao 24, watano tu ndio wa kwetu peke yetu. Kumi na tisa waliobaki wanafundisha pia mitaa mingine ya mji, Ruashi, Kenya, Kampemba, wengine shule tatu kwa wiki, kwa sababu mshahara wa shule moja hauwashi jiko mwezi mzima. Hiyo namba, watano kwa kumi na tisa, ndiyo itakayokuchagulia njia. Kabla ya kuuliza bei ya programu au ukubwa wa ubao, hesabu walimu ulio nao peke yako na walimu unaowagawana na wenzako.

Kipimo changu ni siku moja tu ya mwaka. Septemba kila ratiba ni nzuri, wino bado unang'aa, hakuna mgonjwa, hakuna aliyeacha kazi. Mimi naiangalia siku ile mwalimu wa hesabu anapopata kazi mgodini Kolwezi, katikati ya Novemba, na kukuaga Ijumaa jioni kwa simu.

Ubao wa kadi

Wa kwetu ulikuwa wa mbao, urefu karibu mita mbili, na misumari midogo 360. Kila msumari ni kipindi kimoja cha darasa moja; mstari wa kulala ni saa, mstari wa kusimama ni darasa. Kadi tulizikata kwenye makasha na kuzipaka rangi, kila mwalimu na rangi yake. Rangi ziliishia kwenye mwalimu wa kumi na moja, kwa hiyo waliofuata walipewa mistari: kijani chenye mstari mweusi, nyekundu yenye mistari miwili.

Uzuri wa ubao hauna mfano kwenye jambo moja: mgongano unauona ukiwa mlangoni. Kadi mbili za rangi moja kwenye mstari mmoja wa saa maana yake mwalimu mmoja yuko madarasa mawili. Umeme ukikatika, ubao hauna habari. Prefe na mwalimu wanaweza kusimama mbele yake wakabishana kwa vidole, na kadi ikahama hapo hapo, wote wawili wakiona.

Udhaifu wake ni kwamba ubao unajua yaliyo ukutani tu. Haujui kwamba Jumatano mwalimu wa Kifaransa yuko mbali. Mwaka wangu wa pili nilimpangia mzee mmoja vipindi vitatu vya Jumatano asubuhi, kwa usafi kabisa, bila mgongano hata mmoja. Alikuja ofisini, akavua kofia, akakaa.

“Mwanangu, Jumatano miye niko Ruashi. Tangu kitambo niko Ruashi. Ulisahau?”

“Nisamehe, baba. Sikuandika popote.”

“Basi andika.”

Tangu siku hiyo nina karatasi moja kwa kila mwalimu, jedwali la vipindi 36, naye anatia alama ya msalaba kwenye saa asizoweza kuja, kisha anaweka sahihi. Sahihi ni muhimu kuliko alama. Karatasi hizo utazihitaji kwa njia yoyote utakayochagua, na kuzikusanya ndiyo kazi ndefu kuliko zote: mimi inanichukua wiki mbili za Agosti, na bado wawili watatu nawafuata nyumbani.

Kuna na hili. Mwaka mmoja mfagiaji aliuinua ubao ili afagie nyuma yake, kadi saba zikaanguka. Akazirudisha kwa adabu zote, kila moja kwenye msumari aliokuta mtupu. Tulijua Jumatatu, walimu watatu waliposimama mlango mmoja. Ukichagua ubao, upige picha kwa simu kila jioni uliyougusa.

Excel, au LibreOffice kama hutaki kulipa

Wengi wanatumia Excel kama karatasi ya mistari iliyonyooka: wanapanga kichwani, halafu wanachapa. Hapo umenunua usafi tu. Excel inaanza kukusaidia pale unapoiomba ikuonyeshe mgongano, na hilo linahitaji fomula moja.

Panga hivi. Mistari 36 ya vipindi, kuanzia mstari wa 3 hadi wa 38. Madarasa 10 kwenye safu C hadi L. Ndani ya kila seli andika alama ya mwalimu pekee, herufi tatu, sema KAL; somo liweke kwenye jedwali la pili. Kisha chagua seli zote kutoka C3 hadi L38 na uweke sharti kwamba seli igeuke nyekundu kama hili ni kweli:

=NB.SI($C3:$L3;C3)>1

Hiyo ni Excel ya Kifaransa, ambayo ndiyo iliyo kwenye kompyuta nyingi za hapa. Inauliza: kwenye mstari huu wa saa, alama hii imeonekana zaidi ya mara moja? Sasa una rangi za ubao bila misumari. Fomula ya pili, =NB.SI($C$3:$L$38;"KAL"), inakuhesabia vipindi vya mwalimu kwa wiki, na mwalimu anayedai umemwibia saa mbili unamwonyesha namba.

Mtego ni nafasi tupu. Ukiandika KAL mahali pamoja na KAL yenye nafasi nyuma yake mahali pengine, kwa macho ni mtu mmoja, kwa Excel ni watu wawili, na seli haitageuka nyekundu. Nilipoteza jioni nzima hapo. Afadhali uweke orodha ya kuchagua kwenye seli, usichape kwa mkono.

Lakini elewa mpaka wake: Excel inakuonyesha kosa, hairekebishi. Kufikiri kunabaki kwako. Kwa madarasa sita au saba na walimu wengi wa kwenu, inatosha, na faili inaingia kwenye simu ya prefe. Kwa madarasa 10 na walimu 19 wa kugawana, nilikuwa nafuta nyekundu moja, zinatokea mbili.

FET

FET ni programu ya bure, ya chanzo huria, iliyoanzishwa na Liviu Lalescu wa Romania. Inafanya kazi kwenye Windows na Linux, inafunguka kwa Kifaransa, na ukishaipakua haihitaji intaneti tena. Kompyuta yetu ya ofisi ni ya zamani na inaiendesha bila kulalamika. Unaipa siku na saa, walimu, madarasa, masomo, kisha shughuli: “hesabu, mwaka wa tatu, mwalimu fulani, vipindi viwili mfululizo”. Vipindi vyetu 360 vilikuwa shughuli 281, kwa sababu 79 ni za vipindi viwili. Mwishoni unaipa masharti, kila sharti na uzito wake, hadi asilimia 100 kwa lile lisilovunjwa. Unabonyeza, inatafuta.

Yule kijana wa informatiki hakudanganya kuhusu dakika, alisahau tu kutaja siku zilizotangulia. Mwaka wa kwanza kuingiza data kulinichukua siku mbili nzima, moja ikikatwa katikati na umeme. Mwaka wa pili unafungua faili la zamani na kubadilisha walimu, hapo ni asubuhi moja.

Kosa la kila anayeanza ni kuipa kila kitu asilimia 100. Mwalimu fulani hapendi kipindi cha sita: 100. Dini isiwe Jumatatu: 100. Nilifanya hivyo, nikabonyeza, nikaenda kulala. Asubuhi umeme ulikuwa umeondoka na kompyuta imezimika. Nilirudia mchana nikiwa nimekaa mbele yake, na ilikwama kwenye shughuli ya 212, inazunguka, inarudi 190, inapanda 212, inashuka. Ukiisimamisha, FET inakuonyesha orodha ya shughuli ngumu. Za juu zote zilikuwa za mtu mmoja, mwalimu wa hesabu.

Nikachukua penseli. Madarasa manne mara vipindi sita ni 24. Alikuwa ametupa siku nne, vipindi sita kila siku: 24. Sawasawa, haipenyi hata sindano. Halafu nikakumbuka kwamba ni mlezi wa darasa moja la mwaka wa tatu, na shuleni kwetu mlezi ana kipindi kimoja cha darasa lake kwa wiki. Ishirini na tano ndani ya ishirini na nne. Mwaka uliotangulia, kwa kadi, nilihangaika siku tano na mwalimu huyo huyo nikidhani tatizo ni akili yangu. (Na hata pale inapowezekana, usijilaumu sana: mwaka 1976 wanasayansi wa kompyuta Even, Itai na Shamir walithibitisha kwamba tatizo la ratiba ni la kundi lile ambalo hakuna anayejua njia ya haraka ya kulitatua kila mara. Huyo Shamir ndiye herufi S kwenye RSA, ufumbo unaolinda siri mitandaoni. Uko kwenye kampani nzuri.) Nilimpa ulezi mtu mwingine, mwalimu wa hesabu akaniongezea nusu ya Jumamosi, na FET ikamaliza kwa dakika tatu.

Kwa hiyo ushauri wangu: anza na misalaba ya kwenye karatasi zenye sahihi, hiyo tu, kwa uzito wa 100. Bonyeza. Ikipita, ongeza sharti moja la kupenda, bonyeza tena. Ikikwama unajua nani amekwamisha.

Matokeo yanatoka kama kurasa za HTML: moja ya kila darasa, moja ya kila mwalimu. Kwenye simu nyingi hazisomeki vizuri. Mimi nazifungua kwenye kompyuta, nazigeuza PDF, ndipo natuma WhatsApp.

Ijumaa ya Kolwezi

Basi mwalimu wa hesabu kaondoka. Tulimpata mwingine wa siku nne kwa wiki, kijana kutoka chuo kikuu, lakini siku zake hazikufanana hata kidogo na za yule wa kwanza. Hali kama hiyo nimeikuta mara tatu katika miaka tofauti, kila mara nikiwa na njia nyingine, na hapa ndipo tofauti zilipojitokeza.

Kwa kadi, unatoa kadi zake zote na ubao unabaki na matundu, ya kutisha kuyatazama. Unaanza kuhamisha jirani ili kumpa mgeni nafasi, jirani anamsukuma mwingine, na baada ya kadi ya kumi na tano hukumbuki tena ulianzia wapi. Kurudi nyuma hakupo, isipokuwa kwa ile picha ya simu. Ilinichukua wiki nzima, na wiki hiyo mwaka wa nne walikaa bila hesabu, wakati Exetat, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, inawangoja.

Kwa Excel, unahifadhi nakala kwanza, na hilo peke yake linatuliza moyo. Unafuta KAL kila mahali, unaandika alama mpya, unafuata nyekundu. Nilianza Ijumaa jioni nikamaliza Jumapili mchana na migongano miwili isiyofutika. Niliwapigia walimu wawili, nikaomba, wakakubali. Siwezi kusema nilishinda, lakini Jumatatu watu walifundisha.

Kwa FET nilifanya upumbavu ambao ndio sababu ya kuandika haya. Nilibadilisha jina la mwalimu, nikabadilisha misalaba yake, nikabonyeza. Dakika nne, ratiba tayari, haina mgongano, nzuri kama ya Septemba. Nikaituma kwenye kundi la walimu. Haikupita nusu saa simu ikaanza kulia, na haikunyamaza hadi usiku. FET ilikuwa imepanga shule nzima upya. Mwalimu wa kemia aliyekuwa Jumanne sasa yuko Alhamisi. Ni kweli Alhamisi hakutia msalaba mwezi wa nane, lakini tangu hapo ameshaiuza Alhamisi yake kwa shule nyingine, tena kwa kufuata ratiba niliyompa mimi. Walimu 23 walikuwa wamehamishwa ili kumpokea mmoja.

Dawa imo ndani ya programu yenyewe: unaweza kufunga shughuli zilizokwisha kupangwa ili zisitikisike. Nilirudi kwenye ratiba ya Septemba, nikafunga za kila mtu isipokuwa hesabu. Haikuwezekana, na ndivyo ilivyopaswa, kwa kuwa nafasi zilizobaki zilikuwa zile zile za aliyeondoka. Ndipo nikawafungulia wale watano wa kwetu, ambao wapo shuleni kila siku na ambao kuhama kutoka Jumanne kwenda Alhamisi hakuwagharimu nauli. Ikapita. Kumi na wanane hawakujua hata kama kitu kimebadilika.

Kama umefuata hesabu hiyo, unaona kwa nini nilianza na swali la walimu wa peke yako. Hao ndio mafuta ya mashine. Shule yenye walimu wengi wake yenyewe itabadilisha ratiba kwa kadi bila shida, na mimi nisingeishawishi iache ubao wake. Shule ya kugawana, madarasa manane kwenda juu, ichukue FET na ijifunze kufunga kabla ya kujifunza kingine chochote. Katikati hapo, Excel yenye ile fomula.

Jambo dogo la kuongezea kwa wote: andika namba ya toleo na tarehe juu ya kila ukurasa, kwa herufi kubwa. Picha ya ratiba ya zamani haifi WhatsApp. Mwezi wa pili bado kuna mtu anaisambaza ile ya Septemba.

Za kulipia

aSc TimeTables, ya Bratislava huko Slovakia, ni nzuri, na kwa macho inapendeza kuliko FET: unavuta kadi kwa kidole kama kwenye ubao wangu wa mbao. Lakini inalipiwa, tena nje ya nchi, wakati ada zetu zinaingia kwa M-Pesa na Airtel Money na kadi ya benki ya kimataifa hatuna. Shule kubwa yenye mhasibu na kadi, iitazame. Sisi wengine tusipoteze usiku.

Ukiwa chuoni

Huko usichukue ushauri wangu wa FET bila kufikiri. Programu hizi zinapanga wiki moja inayojirudia, na chuo chetu hakina wiki ya namna hiyo. Profesa anatoka mji mwingine, anakaa siku kumi au wiki mbili, anamaliza kozi yake asubuhi na jioni, anaondoka. Tangu mfumo wa LMD (licence, master, doctorat) uanze mwaka wa masomo 2021-2022, kila muhula una krediti 30 za kutimiza, na profesa mmoja akichelewa ndege, kozi mbili zinakaa juu ya nyingine. Kuna UniTime, iliyokulia Chuo Kikuu cha Purdue huko Marekani, ya bure nayo, lakini inataka seva na mtu wa kuitunza. Kwa fakulte ya kawaida, kalenda ya tarehe inatosha: Google Calendar moja kwa kila promosheni, yaani wanafunzi wa mwaka mmoja, kiongozi wa promosheni akiwa na ruhusa ya kusoma tu, apparitera, ofisi inayopanga kozi, peke yake ikiandika. Mega za intaneti zinazotumika ni chache.

Ila hakikisha saa ya kalenda ni ya Lubumbashi. Nchi yetu ina saa mbili, na Kinshasa wako nyuma yetu kwa saa moja. Rafiki yangu wa apparitera alifungua kalenda kwa saa ya Kinshasa bila kujua, akaandika kozi saa 2:00 asubuhi. Simu za wanafunzi zikaonyesha saa 3:00. Profesa alimsubiri kila mtu akiwa peke yake na ubao, na walipoingia alikuwa ameshaandika kurasa mbili na kufuta moja.